Mawakili na Amana za Watu

(Mazungumzo yaliyosomwa na karani mmoja mbele ya mkutano wa kawaida wa Chama)



Halmashauri ilinitaka niseme machache juu ya mawakili: ni nani awaingizaye katika kazi yao, ni nani awaangaliaye wakiwa kazini, na ni nani awatoaye wanapoharibu. Baadhi ya wenzetu waliposikia habari hii walicheka wakasema, "Karani na wakili, wapi na wapi?" Swali hilo ni zuri, nami nitalijibu kwanza. Kila siku ya kazi, katika mahakama, katika ofisi za ardhi na forodhani, sisi ndio tupokeao karatasi zenye mhuri wa wakili. Sisi ndio tuulizwao na mkulima aliyetoka mbali, "Bwana karani, nimwendee nani?" Na sisi wenyewe, tukipatwa na shauri la mirathi au la kiwanja au la kuachishwa kazi pasipo haki, twaenda kwa wakili kama watu wengine, tukamkabidhi siri zetu na fedha zetu. Basi mambo ya mawakili yatuhusu sana.

Kazi ya wakili haifanani na kazi ya seremala. Seremala akikutengenezea meza iliyopinda, wewe mwenyewe waiona kuwa imepinda, hata kama hukusoma useremala. Bali mtu aliyeshindwa katika shauri lake hawezi kujua kama wakili wake alilitetea vibaya, au kama shauri lenyewe tangu mwanzo lilikuwa bovu. Wala aliyeshinda hawezi kujua kama alishinda kwa ustadi wa wakili au kwa udhaifu wa mpinzani. Mteja haoni ndani ya kazi aliyoinunua. Kwa sababu hiyo nchi zote zenye mahakama zimeona haifai kumwachia mteja peke yake jukumu la kupima nani ni wakili mwema. Lazima wawepo wengine, wenye elimu ya jambo hilo na wenye mamlaka, watakaompima badala yake.

Kipimo cha kwanza ni mlangoni. Hapa Tanzania Bara, shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Sheria ya mwaka 2007 ilianzisha Shule ya Sheria, nayo ikapokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2008, ili mwenye shahada ajifunze kazi yenyewe: kuandaa hati, kuhoji mashahidi, kutunza hesabu, na adabu ya uwakili. Wengi wenu mtakumbuka kelele za mwezi wa Oktoba 2022, matokeo ya mtihani yalipotangazwa. Kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati ya kuchunguza, na Dr. Harrison Mwakyembe akawa mwenyekiti wake.

Wakati ule wengine walisema shule inawaonea vijana, na wengine wakasema vyuo vikuu vinatoa shahada kama njugu. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa na sehemu ya kweli. Mlango mwembamba ni jambo jema, maana ni heri kijana alie kwa sababu ya mtihani kuliko mjane alie kwa sababu ya wakili asiyejua kazi. Lakini mlango ambao watu 26 tu kati ya 633 waupita mara ya kwanza yatupasa kuuliza: je, wageni wote hawa walikuja bila kuandaliwa, ama bawabu ndiye asiyejua kazi yake? Tena tusisahau kwamba wanaoshindwa mtihani hawayeyuki kama umande. Wengine wao huenda wakafungua meza chini ya mti karibu na mahakama, wakaanza kuandika hati, na watu wakawaita "wakili" kwa kuwa wanajua maneno mawili matatu ya Kilatini.

Hapo twafika kwa hao waitwao mawakili vishoka. Sheria ya Mawakili, Sura ya 341, ambayo asili yake ni ya mwaka 1954, yakataza mtu asiye na sifa kufanya kazi ya wakili, au kuandaa kwa malipo hati za mali na za mashauri. Na kuna fungu moja katika sheria hiyo ambalo kila karani wa masjala angelijua kwa moyo. Ni fungu la 44. Lasema kwamba mtu aliyeandaa hati ya namna hiyo sharti aandike juu yake jina lake na anwani yake. Na mwenye kusajili haruhusiwi kuipokea hati isiyoonyesha jina la aliyeiandaa. Mwaona, Mabwana? Sheria haikumweka askari mlangoni, ilimweka karani. Hati isiyo na jina ikipita mezani petu, aliyelegeza ulinzi ni sisi, si Jaji Mkuu.

Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Jambo moja ni jina la wakili kuandikwa katika Daftari la Mawakili, lililo chini ya Msajili wa Mahakama Kuu. Jambo jingine ni cheti cha kufanyia kazi, ambacho wakili hukikata upya kila mwaka. Mtu aweza kuwa wakili kweli, aliyeapishwa mbele ya Jaji Mkuu, na bado asiwe na ruhusa ya kufanya kazi mwaka huu kwa sababu hakulipa ada na kukata cheti. Je, hati aliyoiandika mtu wa namna hii ni hati halali? Swali hili lilizitaabisha mahakama za Kenya kwa miaka mingi. Benki moja ilikopesha kampuni fedha kwa rehani ya ardhi; hati ya rehani iliandaliwa na wakili ambaye wakati ule hakuwa na cheti; mkopo usipolipwa, mkopaji akasema rehani yote ni batili. Mahakama ya Rufani ikakubaliana naye. Lakini mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika shauri la National Bank of Kenya na Anaj Warehousing, iliamua kwamba hati haivunjiki kwa sababu hiyo peke yake. Kosa ni la wakili, na adhabu ni ya wakili. Haifai mteja asiye na hatia kubeba mzigo wa mtu aliyejificha nyuma ya mhuri. Naona uamuzi huu una busara, kwa sababu kama ungekuwa kinyume, mdaiwa mjanja angemtafuta kusudi wakili asiye na cheti.

Katika nchi hiyo hiyo, mwezi wa Oktoba 2023, tawi la Nairobi la Chama cha Mawakili lilitangaza kwamba mtu mmoja asiye wakili alikuwa akijifanya wakili kwa kutumia nafasi ya wakili wa kweli mwenye jina linalofanana na lake katika mtandao wa chama. Baadaye alifikishwa mahakamani, akakana mashtaka. Habari ikaenea kwamba alikuwa ameshinda mashauri 26, jambo ambalo Chama cha Mawakili kilikataa kwamba ni kweli, na watu wengi wakashangilia. Wakasema, kama ameshinda, shahada ya nini? Nilisikia hata makarani wenzangu wakimsifu. Nawaomba wafikiri mara ya pili. Mtu asiyekuwa katika daftari hana bima, hana kiapo, hana kamati iwezayo kumwita, wala hana jina la kufutwa. Siku akishinda mtacheka pamoja naye. Siku akipotea na hati yako ya kiwanja utakwenda kumshtaki wapi? Polisi, ndiyo, lakini zile njia nyingine zote zilizowekwa kwa ajili ya mteja zimefungwa tangu siku ile ulipoketi mbele yake.

Sasa nije kwenye fedha, na hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo wengi huanguka.

Wakili hushika fedha zisizo zake. Mnunuzi wa shamba humpa bei ashike mpaka hati igeuzwe jina. Aliyeshinda daawa ya ajali hulipwa fidia yake kwa njia ya wakili. Warithi humwachia fedha za marehemu mpaka mgawanyo ukamilike. Kanuni ya zamani, katika nchi zilizofuata sheria ya Kiingereza, ni kwamba fedha hizi ziwekwe katika hesabu ya benki iliyo mbali na hesabu ya ofisi ya wakili, nayo huitwa hesabu ya wateja. Kodi ya ofisi haitoki humo, mishahara ya makarani haitoki humo, wala mafuta ya gari. Wakili hutoa humo ada yake tu, baada ya kuwa ni haki yake. Hata akizitumia kwa siku mbili na kuzirudisha siku ya tatu, amekwisha kuvunja amana.

Sisi tushikao sanduku la fedha za Serikali twalijua jambo hili vizuri kuliko watu wengi. Mkaguzi akija, hakuulizi kama ulikuwa na nia ya kurudisha. Hukuuliza fedha ziko wapi.

Namjua mzee mmoja, tarishi mstaafu, aliyeuza kiwanja chake ili amsomeshe mjukuu na kujenga vyumba viwili kijijini. Mnunuzi alilipa bei yote kwa wakili. Wakili, ambaye simtaji, akampa mzee sehemu ya kwanza, akamwambia nyingine zitakuja wiki ijayo. Wiki ikawa mwezi. Kila mzee alipokwenda alikaribishwa chai kwa heshima kubwa, akaitwa "mzee wangu", akaambiwa benki inachelewesha. Aliponijia nimwandikie barua, nilimwuliza: stakabadhi iko wapi? Hana. Makubaliano ya ada yaliandikwa? Hapana. Bei yenyewe, ulishuhudia ikilipwa? Aliambiwa kwa simu. Tuliandika barua, wakili akatoa kiasi kidogo, kisha akahama ofisi. Sehemu iliyobaki mzee hajaipata hata leo, na yule mjukuu aliacha shule. Mimi sikusimulia haya ili mseme mawakili wote ni wezi. Najua mawakili ambao wangekosa chakula kuliko kugusa senti ya mteja. Nimeyasimulia ili mwone kwamba amana ikivunjwa, jambo halianzi kwa ukali. Huanza kwa chai.

Msidhani pia kwamba ni ugonjwa wa nchi maskini. Uingereza, mwezi wa Oktoba 2023, ofisi inayosimamia masolisita iliifunga kampuni ya mawakili ya Axiom Ince, baada ya kuonekana kwamba fedha za wateja kiasi cha pauni milioni 64 hazipo. Nani alilipa? Kuna mfuko wa fidia unaochangwa na mawakili wenyewe. Mwaka uliofuata mchango wa kila mmoja ukapandishwa kutoka pauni 30 hata pauni 90. Yaani aliye mwaminifu alimlipia asiye mwaminifu. Na mwaka 2024 bodi iliyo juu ya wasimamizi hao ilipokea taarifa ya uchunguzi, iliyosema kwamba wasimamizi wenyewe hawakufanya kazi yao ipasavyo, kwani dalili zilikuwapo mapema.

Kutoka huko huko Uingereza kuna hukumu ambayo mahakama za nchi nyingi huirejea hata sasa, nayo ni ya mwaka 1993, katika shauri la Bolton na Chama cha Mawakili. Solisita kijana alitoa fedha za benki ya nyumba kabla ya mauzo kukamilika, katika shughuli ya watu wa jamaa yake. Hakuna aliyesema alikusudia kuiba. Baraza la nidhamu likamsimamisha miaka miwili. Mahakama ya kwanza ikamwonea huruma, ikageuza adhabu kuwa faini. Mahakama ya Rufani ikairudisha adhabu ya kwanza. Sababu iliyotolewa na Sir Thomas Bingham, nikiieleza kwa maneno yangu, ni kwamba adhabu za namna hii si hasa za kumtesa mkosaji. Ni za kuifanya kazi nzima iaminike. Kwa hiyo huruma ya mtu mmoja, ingawa ana mke na watoto na barua nzuri za sifa, haina uzito ule ambao ingekuwa nao katika mahakama ya jinai. Ni neno gumu. Nililifikiri muda mrefu, nami naona ni la haki, maana mteja wa kesho hayupo barazani kujitetea.

Lakini ni nani atakayewahukumu mawakili? Kwa muda mrefu jibu la Waingereza lilikuwa: mawakili wenyewe. Kisha, katika miaka ya 1980, likatokea jambo la aibu. Solisita aliyekuwa mjumbe wa Baraza la Chama alimpelekea mteja wake hesabu ya ada ya pauni 197,000 hivi. Ilipopimwa na mahakama ikashuka hata 67,000. Mteja alilalamika kwa Chama miaka kadhaa, na Chama kikasita kumgusa mwenzao. Mwisho ni mahakama iliyomwondoa katika daftari. Baada ya hapo watu hawakuamini tena kwamba chama kiwezacho kuwatetea mawakili kitaweza pia kuwaadhibu. Sir David Clementi akaandika taarifa mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2007 ikatenga kazi hizo mbili: mlango mmoja wa kuwatetea, mlango mwingine wa kuwasimamia.

Kwetu Kamati ya Mawakili imechanganywa: ndani yake mna Jaji wa Mahakama Kuu, mna upande wa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na mna wakili aliyependekezwa na Chama cha Mawakili Tanganyika. Yaweza kuonya, kusimamisha kwa muda, au kuliondoa jina katika daftari, na asiyeridhika hukata rufani Mahakama Kuu. Uzuri wake ni kwamba si mawakili peke yao wanaojihukumu. Hatari yake iko upande wa pili, nayo yafaa tuiseme bila kuficha: upanga wa kumkata wakili mwizi waweza kumkata pia wakili msema kweli.

Mifano ni mingi katika historia. Mwaka 1894 Chama cha Mawakili cha Natal kilipinga Mohandas Gandhi asiandikwe kuwa wakili. Mahakama ikakataa pingamizi lao, ikamwandika. Mwaka 1922, alipokwisha kufungwa huko Bara Hindi kwa uchochezi, chuo chake cha London, Inner Temple, kilifuta jina lake; kikalirudisha mwaka 1988, miaka 40 baada ya kifo chake. Katika Afrika ya Kusini, Nelson Mandela alihukumiwa mwaka 1952 kwa sababu ya kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi. Mwaka 1954 Chama cha Mawakili cha Transvaal kikaomba mahakama imwondoe katika daftari. Jaji Ramsbottom akakataa. Aliona kwamba mtu kuvunja sheria kwa ajili ya siasa ya watu wake, pasipo udanganyifu wala uchafu wa tabia, hakumfanyi asistahili kuwa wakili. Tena akakiamuru Chama kulipa gharama. Fikirini, Mabwana: jaji Mzungu, chini ya serikali ile, mwaka ule. Kipimo alichokitumia ni kimoja tu, nacho ni kile kile cha tarishi wetu: je, mtu huyu amevunja uaminifu? Hakuuliza kama amewaudhi wakubwa. Mwaka 1990, katika mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Havana, nchi zilikubaliana kwamba shauri la nidhamu la wakili lisikilizwe na chombo kisichopendelea, na kwamba mahakama huru iweze kulitazama tena.

Sasa nirudi kwetu, na wengine hawatapenda nitakayosema. Nani humwonyesha mkulima njia ya kwenda kwa wakili fulani, na jioni akapata bahasha? Wakati mwingine ni karani. Sheria ya Mawakili ya Kenya, Sura ya 16, yakataza wakili kugawana faida ya kazi yake na mtu asiye wakili, na yakataza udalali wa kumtafutia wakili wateja. Wakili anayenunua wateja lazima ailipe bahasha yetu kutoka mahali fulani, nayo hutoka mfukoni mwa yule yule mkulima aliyetuamini. Kuna pia wenzetu wanaoandika maombi na hati za kiapo kwa malipo baada ya saa za kazi. Kumsomea mtu barua na kumwandikia barua ya kawaida ni wema, na uendelee. Kumwandalia hati ya kuuza ardhi kwa shilingi elfu kadhaa, kisha kesho yake kuipokea wewe mwenyewe dirishani, ni jambo jingine kabisa.

Jambo moja limegeuka, nalo litatuongezea kazi. Tangu mwaka 2021 mawakili waruhusiwa kuingia katika Mahakama za Mwanzo zinazoongozwa na mahakimu wakaazi, mahali walipokuwa wamezuiwa tangu zamani. Na mwaka huo huo sheria iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Watu wa vijijini wasiowahi kumwona wakili sasa watakutana naye, na watakuja kutuuliza sisi.

Kwa hiyo nimeiomba Halmashauri mambo haya, nayo imekubali tuyajaribu kwa mwaka mmoja. Kila tawi liwe na mwanachama mmoja awezaye kuangalia jina la wakili katika daftari la Mahakama, ambalo sasa laonekana kwa intaneti, na kumwambia aulizaye kama wakili yule ana cheti cha mwaka huu. Asimsifu wala asimlaumu wakili yeyote. Aseme tu yumo au hayumo. Pili, anayekwenda kwa wakili aelezwe aombe makubaliano ya ada yaliyoandikwa, na stakabadhi ya kila fedha aitoayo, na barua ya kila fedha iliyopokewa kwa niaba yake. Mwenye malalamiko asije kuyapiga kelele sokoni. Ayaandike kwa Kamati ya Mawakili pamoja na hati ya kiapo, akitaja tarehe na kiasi, na nakala za stakabadhi zikiambatishwa.

Nimemwachia Bwana Katibu mfano wa barua hiyo, kurasa mbili, umepigwa chapa. Nakala ziko 40, nazo zitatolewa bure mlangoni. Matawi ya mbali yatapelekewa kwa posta wiki hii.